Kiti cha Karibu na Viatu

Al-Hindawiyah,
Jeddah.
Jumatano, 27 Januari 2016.

Mpendwa Senje Jerusha,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo ulipo umeshaitikia, tena kwa sauti, kwa hiyo naendelea.

Hujambo shangazi yangu? Goti la kushoto linasemaje? Nimesikia ulionekana ukipanda kile kilima cha kanisani bila fimbo. Nilifurahi, halafu nikakumbuka kwamba wewe fimbo huiachi kwa kuwa umepona, unaiacha kwa kuwa hutaki kina mama wa jumuiya wakuone nayo. Tafadhali itumie. Baba Ivy naye hajambo? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado mnaambiana wiki ijayo? Na Ivy mwenyewe, mwambie kidato cha pili si mahali pa kulala.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, haijaisha muda, na bosi wangu, ambaye sote nyumbani tunamwita baba, si mtu mbaya. Moyo ndio hautulii. Tangu Ijumaa ya tarehe kumi na tano siwezi kukaa kitako mahali pamoja. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta funguo za gari. Hata sasa nakuandikia nikiwa ndani ya gari hapa soko la Balad, karatasi iko juu ya usukani, madam, mke wa bosi, ameingia kwa washonaji na mimi namngoja. Kila ninapoona baibui nyeusi nadhani ni yeye, na huku baibui zote ni nyeusi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usidhani nimeanza kunywa.

Utauliza kwa nini barua, wakati kila mtu ana simu. Mambo ya sala huku hatuyaandiki kwenye simu. Solomon, ambaye tunalala naye chumba kimoja, anakuja nyumbani likizo ya miezi miwili, na bahasha hii atakupa mkononi. Isome peke yako. Nakuandikia wewe na si Padre kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha katekisimu, na kwa sababu Padre ataniuliza maswali mawili anisamehe, lakini wewe utaniambia ukweli.

Nianze mwanzo, maana ukianzia katikati utanihukumu haraka.

Unajua huku hakuna kanisa. Wanaosali husali ndani ya nyumba ya mtu, pazia zimefungwa, nyimbo kwa sauti ya kuomboleza hata kama ni za shangwe. Padre huonekana mara chache. Akija husoma Misa, kisha huacha hostia zilizobarikiwa kwa watu wanaoaminika, wawe wanawapa wenzao Ijumaa baada ya Ijumaa. Kule Riyadh kikundi chetu kilikuwa mtaa wa Shumaisi, na kiongozi wetu alikuwa Julius, mlinzi wa ghala, mtu wa Kitui, mpole hadi anachosha.

Sasa wanawake wanaofanya kazi za nyumbani wengi hawatoki. Dereva anatoka. Kwa hiyo Julius alituchagua madereva watatu, akatupa kila mmoja kijaluba cha shaba, kidogo, cha mviringo, chenye kifuniko kinachobana, ndani kimetandikwa kitambaa cheupe. Ukifika mbele ya Julius unainua vidole viwili. Anakupa moja unakula hapo hapo, ya pili anaiweka kwenye kijaluba unampelekea dada aliyefungiwa. Hakuna aliyeshangaa. Nilifanya kazi hiyo miaka miwili, na nakuambia bila aibu kwamba niliipenda kuliko kazi ya kuendesha gari. Mimi ambaye ulinichapa kwa kuchelewa Misa nilikuwa sasa nimebeba Komunyo kifuani.

Niliyempelekea mimi ni Metrine. Ni mama wa watoto wawili, mtu wa Malava, anafanya kazi za ndani katika nyumba hii hii ninayoiendeshea gari. Kabla ya kuja huku alikuwa akifanya kazi kwa masista. Hana maneno mengi. Nikirudi Ijumaa, familia ikiwa imelala baada ya chakula cha mchana, nagonga mlango wa jikoni mara mbili, anafungua, anapiga magoti kati ya mtungi wa gesi na gunia la mchele, anapokea, tunasali Baba Yetu, halas, imekwisha, kila mtu anarudi kazini.

Mwezi wa kumi na moja baba alihamishiwa kazi Jeddah. Tulifunga mizigo kwa siku nne. Sikupata hata nafasi ya kumuaga Julius vizuri. Hapa nyumba ya baba haina chumba cha dereva, ndiyo maana mimi nimepangishiwa huku Hindawiyah na kina Solomon, na asubuhi naenda kuchukua gari. Tukakaa majuma mengi bila sala. Metrine hakulalamika, ila kila Ijumaa aliniangalia mikononi.

Kisha tarehe tisa mwezi huu mama yake Metrine akafariki. Alikuwa akiumwa kifua, lakini hakuna aliyetarajia. Madam alimpa pole, akampa na chai, lakini safari akasema mafi, hakuna, mpaka mkataba uishe. Mazishi yakapangwa Jumamosi tarehe kumi na sita. Metrine akaniita jikoni akaniambia kitu kimoja tu.

"Zablon, Jumamosi wakimfanyia mama Misa, nataka na mimi niwe nimepokea. Hiyo tu."

Nikamjibu, "Hilo ni dogo. Niachie mimi."

Senje, hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yananiamsha.

Dereva mmoja, Robinson, alikuwa amenielekeza nyumba wanaposali hapa Jeddah. Ghorofa ya tatu, mlango wa kahawia, unagonga kidogo. Yeye mwenyewe Ijumaa hiyo ya tarehe kumi na tano alikuwa amempeleka bosi wake Taif, nikaenda peke yangu. Nilivaa lile shati la kola ulilonipa. Kijaluba nilikisugua kwa ndimu mpaka kikang'aa. Nikavua viatu mlangoni nikaingia. Walikuwa watu kama thelathini, wengi Wafilipino na Wahindi. Hakuna aliyenisalimu. Walinitazama, wakatazamana, wakarudi kwenye vitabu vyao. Nikasema moyoni, haya, huenda ni desturi yao.

Kiongozi wao ni mzee wa Kerala wanayemwita Ankoli. Ulipofika wakati wa Komunyo nikapanga mstari. Nilipofika mbele yake nikainua vidole viwili, nikafungua kijaluba, nikakinyoosha.

Yule mzee alifunika bakuli la hostia kwa kiganja.

Nakuambia alifunika, kama mtu anayefunika chakula nzi akipita. Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba hapa ni moja, na unaila mbele yake. Nikamwambia ile nyingine ni ya mtu aliyefungiwa, amefiwa. Akatikisa kichwa. Mstari wote nyuma yangu ukasimama. Wimbo nao ukafifia, maana waliokuwa wanaimba walikuwa wananitazama. Hapo akatoka mwanamke upande wa wanawake, akaja kusimama kati yangu na mzee. Kumbe ni Mkenya, nilimjua alipofungua kinywa.

"Brother, nani alikuleta hapa?"

"Robinson."

"Robinson leo hayuko. Wewe ni wa parokia gani?"

Nikataja yetu. Nikataja na jumuiya, nikataja na jina lako, Senje, kana kwamba wewe unajulikana Bahari ya Sham. Hakutabasamu. Alinishika kiwiko, akanionyesha kiti kimoja cha plastiki nyuma kabisa, karibu na mlango, karibu na viatu.

"Kaa pale kwanza. Ungoje tumalize."

Nikaketi. Miguuni pangu kulikuwa na jozi thelathini za viatu, na harufu yake unaweza kuikisia. Watu wakaendelea kupokea mmoja mmoja, na mimi nimeketi na kijaluba wazi mapajani, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mbatizwa, mwenye kipaimara, nikilinda kandambili za watu. Nimetukanwa na polisi wa barabarani, nimetukanwa na watoto wa bosi, sikuwahi kuumia hivyo. Bosi akikukataa unasema ni bosi. Hawa walikuwa watu wa nyumba ya Baba yangu.

Nilivumilia wimbo mmoja. Kisha nikachukua viatu vyangu mkononi nikafungua mlango nikatoka. Nilishuka ghorofa tatu kwa soksi. Wahenga wamesema hasira hasara, na wewe ulikuwa ukinirudishia msemo huo kila siku, lakini msemo hauna mikono ya kumshika mtu.

Nikaendesha gari bila kwenda popote. Nilifika baharini nikageuza, nikafika tena nikageuza. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Metrine. Nilijaribu, "Hawakusali leo." Nikajaribu, "Nilichelewa." Kila nililotunga niliona uso wake. Alikuwa hajala tangu jana yake jioni. Kesho mama yake anazikwa. Na mimi nilikuwa nimesema hilo ni dogo.

Kwenye kiti cha nyuma cha gari watoto wa bosi huacha biskuti zao. Kuna zile nyembamba za chumvi, za mviringo. Nilichukua moja. Niliikata kwa kifuniko cha kijaluba, nikaipata kamili, imetoshea. Chumvi ya juu niliifuta kwa kidole kisha kwa kitambaa. Nikaifunika.

Usiache kusoma, Senje. Nakuona umeishusha karatasi.

Nilijiambia mambo mengi. Nilijiambia Mungu haangalii mkate, anaangalia moyo. Nilikumbuka hata siku zile ukitufundisha Komunyo ya kwanza, ukatupanga mstari ukatupa hostia ambazo hazijabarikiwa, tujifunze kutotafuna. Mimi nikatafuna, ukanipiga rula ya mkono, halafu ukasema, huu bado ni mkate tu, Zablon, huwezi kuukosea. Nikajifariji kwamba hata hiki ni cha mazoezi. Unaona jinsi shetani anavyokwenda shule.

Saa tisa nikagonga mlango wa jikoni mara mbili. Alikuwa ameoga, amejifunga kitambaa cha buluu alichopewa na mama yake. Akapiga magoti palepale kati ya mtungi na gunia. Nikakitoa kile kitu kwenye kijaluba. Maneno, "Mwili wa Kristo," yalikataa kabisa. Nilifungua kinywa nikakohoa. Akainua macho akaningoja. Nikakohoa tena. Basi akasema "Amina" mwenyewe, akapokea, akainamisha kichwa muda mrefu kuliko siku zote. Baba Yetu aliianza yeye.

Tangu hapo Metrine anaimba. Mtu ambaye alikuwa kimya miaka miwili anaimba akiosha vyombo, anaimba akipiga pasi, nyimbo za Misa za wafu na za Bikira Maria, mpaka madam ameniuliza kama Metrine amepata nyongeza ya mshahara mahali. Wengine wakisikia wanasema amefarijika. Mimi kila wimbo unanichoma. Wiki iliyopita nilimfokea, nikamwambia apunguze kelele, eti nina kichwa. Akanitazama, akaendelea kwa sauti ya chini.

Sasa ngoja nikuambie kilichonimaliza. Jumanne iliyofuata simu ililia, namba nisiyoijua. Ni yule mwanamke wa kule, jina lake Sellah, namba yangu ameipata kwa Robinson.

"Brother, si nilikuambia ungoje? Ulienda wapi?"

Nikamwambia mimi si mbwa wa kulinda viatu.

Kisha akanieleza taratibu. Miaka miwili nyuma alikuja mtu wasiyemjua, akapokea mkononi, akatoka nayo mfukoni. Hawakujua alikuwa na nia gani, lakini wiki ile ile watu wageni wakaanza kuulizia nyumba waliyosalia wakati ule, na mwenye nyumba ikabidi ahame usiku na watoto. Tangu siku hiyo kila mgeni huwekwa kwenye kile kiti. Ibada ikiisha Ankoli huja na kuketi naye, anamuuliza mambo mawili matatu, anampa Komunyo hapo hapo, kisha watu wote wakija kuchukua viatu lazima wapite kwake, na kila mmoja anampa mkono na kumwambia jina lake. Hata Sellah aliketi hapo. Hata padre wa mwisho aliyekuja, kwa kuwa hawakumjua, aliketi hapo.

"Hicho ndicho kiti cha karibu, brother. Ankoli alikuwa amekutengea mbili. Alikungoja mpaka adhuhuri."

Mbili, Senje. Zilikuwa bakulini wakati mimi nakata biskuti.

Kwa hiyo siwezi hata kuwakasirikia. Walionikosea ndio hao waliokuwa wananingoja, na aliyekosa ni mimi, na aliyelipa ni Metrine. Sellah amesema nikirudi nitapokea bila shida. Ila kwa kubeba nje, kwa ajili ya mtu aliyefungiwa, wanataka barua ya paroko wa nyumbani. Hapo ndipo ninapokuomba. Mwone Padre, mwambie aniandikie barua fupi, ipigwe mhuri, Solomon arudi nayo.

Lakini sijarudi kule. Ijumaa iliyopita Metrine alipouliza nilisema nimeambiwa nioshe gari. Uongo wa pili umekuja kuushika mkono wa kwanza. Sasa nishauri, nimwambie au ninyamaze? Nikimwambia namnyang'anya faraja ya mama yake, na hawezi kumzika tena. Nikinyamaza nitakuwa namlisha biskuti kila akiniangalia. Madam huyo anakuja na mifuko minne. Nitaendelea.

Jumamosi, 30 Januari.

Senje, nimeomba ushauri na sikuungoja. Umenizoea.

Jana asubuhi niliamka nikavaa nikaenda mpaka chini ya ile nyumba ya sala. Niliwaona wakiingia mmoja mmoja, kila mtu na mfuko wa sokoni mkononi kana kwamba anakwenda kutembelea wagonjwa. Sikupanda. Nilijua nikipanda nitaulizwa mambo mawili matatu, na moja ningelazimika kulidanganya. Nikarudi nyumbani kwa baba nikagonga mlango wa jikoni saa tatu asubuhi, saa ambayo sigongi.

Metrine alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mkono kwenye kitasa, niweze kukimbia. Nilimwambia mzee alivyofunika bakuli, nikamwambia kiti, nikamwambia soksi, nikafika kwenye biskuti, nayo nikaitaja.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Nilijua," akasema. "Ilikuwa na chumvi."

Nikamwambia chumvi niliifuta.

"Juu ulifuta. Ya ndani je? Hostia ni unga na maji, Zablon. Unafikiri kwa masista nilikuwa nafua tu? Miaka sita nimezioka mimi. Iligusa ulimi nikajua."

Nikamuuliza basi hizi nyimbo za wiki mbili ni za nini.

"Nilikuwa naimba nisikutukane."

Nilikaa chini, Senje, palepale kwenye sakafu, kwa mara ya kwanza tangu tarehe kumi na tano nikakaa kitako. Aliniambia alikasirika siku mbili nzima. Alisema mama yake alizikwa na Padre na watu wa jumuiya, akafunikwa vizuri kwa sala, na hakuwa na haja ya biskuti yangu. Alisema nisithubutu tena, hata kama dunia imewaka moto, bora nije na kijaluba kitupu nimwonyeshe kitupu. Aliyasema hayo yote bila kupandisha sauti, na ningependelea rula yako.

Nikamuuliza swali ambalo sikutaka kuliuliza. Kama alijua, kwa nini hakuitema? Kwa nini alisema Amina na kuinama vile?

Aliweka ungo chini.

"Niliona mikono yako. Ulikishika kile kitu kama kinakuunguza, na hukuweza kusema maneno. Nikajua huko ulikotoka wamekufukuza. Sasa na mimi nikufukuze, uende wapi?"

Kisha akanisogezea ungo wa pili wa mchele nimsaidie, maana madam alikuwa na wageni.

Sina la kuongeza hapo. Nimelia, nimekuambia, basi. Swali langu la nimwambie au ninyamaze lifute. Badala yake nina jingine: kitu nilichofanya naungama kwa jina gani, Padre akija? Maana kwenye ile karatasi ya kuchunguza dhamiri uliyotukaririsha sikukiona. Niandikie jibu hata kama ni kali, hasa kama ni kali.

Na ile barua ya Padre, isiwe na jina langu peke yake. Aandike Zablon anayebeba, na Metrine anayepokelea jikoni, ili kule ghorofa ya tatu wajue kwamba ziko mbili na ya pili ni ya nani. Paroko wake ni wa Malava, lakini Padre wetu anamjua, wataelewana. Watoto wake wanakaa kwa shangazi yao karibu na soko, na ukipita huko siku ya soko wasalimie, uwaambie mama yao ni mzima. Usiwaambie lingine.

Ijumaa ijayo nitakwenda. Sitangoja barua kwa ajili yangu mwenyewe. Nitavua viatu, nitaketi kwenye kile kiti bila kuonyeshwa, na nitasubiri nyimbo zote ziishe. Wewe unajua ni kazi gani kwangu. Wakija kunipa mkono nitawatajia jina langu vizuri, na nitamwomba Ankoli radhi kwa kumngojesha mpaka adhuhuri. Tarehe kumi ya mwezi ujao ni Jumatano ya Majivu, na ningependa kuingia Kwaresima nikiwa nimevuliwa huu mzigo.

Solomon amebeba pia mtandio wa kijani niliokununulia Balad. Ukisema ni wa vijana nitajua umeupenda. Ivy amepewa kalamu, na Baba Ivy tende, asizigawe zote kwa wazee wenzake.

Nisalimie Baba Ivy, Ivy, mama mdogo Priscah, na kaka Justus, mwambie sijamsahau ingawa yeye amenisahau. Wasalimie kina mama wote wa jumuiya, bila kuwasomea barua. Metrine anakusalimu kwa heshima. Anasema amekusikia sana kutoka kwangu na anakuonea huruma.

Nawaombea mvua kwa wakati wake na goti lisilouma. Na Mungu akuwekee kiti kila uendako, Senje, hata kikiwa karibu na viatu, akupe na subira ya kukikalia.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye nikiwa mbali na nikupendaye zaidi ukinigombeza,

Zablon.